Rauta ya Bei Nafuu: Ipime Nyumba Kabla ya Kwenda Dukani



Katika majuma ya karibuni safu hii imepokea maswali yanayofanana kutoka kwa familia zetu zilizo bara, hasa katika kaunti za Meru na Embu. Wapo waliohama pwani kufuata biashara, wapo mabinti zetu walioolewa huko, na wapo wazazi wa Mombasa, Malindi na Lamu walio na watoto katika Chuo Kikuu cha Embu au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Wote wanauliza jambo moja: wataka kuweka waifai nyumbani, fedha ni za kuhesabu, nao hawajui wanunue rauta ya aina gani.

Jibu letu kwa ufupi ni kwamba unafuu wa rauta hauonekani katika bei yake ya dukani peke yake. Rauta nafuu ni ile inayolingana na mambo matatu: njia inayoleta intaneti nyumbani, kuta za nyumba yenyewe, na watu wanaoishi ndani yake. Anayeyajua hayo matatu aweza kununua kifaa cha bei ya chini akaridhika nacho kwa miaka. Asiyeyajua hununua mara mbili, na mara nyingine huendelea kulipa ada kubwa kila mwezi ili kutibu maradhi ambayo asili yake si ada.

Hesabu ya nyumba

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kazi ya kwanza ni kuchukua daftari. Kwa muda wa juma moja, andika kila bando linalonunuliwa na kila mtu wa nyumba hiyo: baba, mama, kijana wa sekondari, binti wa chuo, na shangazi aliyekuja kukaa nanyi. Tuseme ni watu watano, na kila mmoja hununua bando la shilingi 50 kwa siku. Kwa siku moja ni shilingi 250. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 7,500. Fedha hizo hutoka kidogo kidogo, kila mtu kwa simu yake, wala hapana anayeziona zikiwa pamoja. Daftari ndilo litakalowaonyesha kama waifai ya nyumbani itawapunguzia gharama au itawaongezea.

Ikiwa hesabu yenu ni ndogo, kwa mfano mama na mtoto mmoja wanaotumia WhatsApp na darsa fupi za madrasa, huenda hamhitaji rauta hata kidogo. Simu ya zamani iliyolazwa kabatini, ikiwa betri yake bado ina nguvu, yaweza kuwekewa laini yenye bando la mwezi na kuwagawia wengine intaneti. Gharama ya kifaa ni sifuri. Tumeanza na hili kwa sababu mwenye duka hana haja ya kukueleza.

Rauta na intaneti ni vitu viwili

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba ukinunua rauta umenunua intaneti. Rauta ni mgawaji tu. Hupokea intaneti kutoka nje kwa njia moja, kisha huigawa ndani ya nyumba kwa mawimbi ili simu, runinga na vipakatalishi viitumie kwa pamoja. Ikiwa hakuna kinachoingia, hakuna kitakachogawanywa.

Sisi watu wa pwani tuko karibu na chanzo cha jambo hili kuliko tunavyodhani. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na kabla ya hapo Kenya ilitegemea satelaiti kwa intaneti iliyokuwa ya polepole na ghali. Kutoka baharini, mawasiliano hupita katika nyuzi nyembamba za kioo zinazoitwa faiba, yakapanda bara hadi miji iliyo kandokando ya Mlima Kenya. Safari hiyo ni ndefu, nayo yaweza kukatika mahali ambapo fundi wa mtaani hana uwezo napo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, mwenye kutupa rauta yake ameidhulumu.

Mwisho wa safari, intaneti huingia nyumbani kwa mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza ni faiba inayofikishwa mlangoni na kampuni. Ya pili ni mawimbi ya simu, yaani 4G au 5G, yanayopokewa kwa laini. Ya tatu ni satelaiti, kama huduma ya Starlink iliyoanza kutolewa Kenya mwezi Julai 2023. Kila njia ina kifaa chake, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza.

Dukani utaona rauta mbili zinazofanana rangi, umbo na antena. Moja ina tundu la kupokea waya nyuma yake, mara nyingi lenye rangi tofauti na mengine, lakini haina mahali pa kutia laini ya simu. Hiyo ni ya mtu aliye na faiba. Ya pili ina upenyo wa kutia laini. Hiyo ni ya anayetegemea 4G. Ya kwanza huwa rahisi zaidi, na kwa sababu hiyo mtu asiye na faiba huivutia akili, akaifikisha nyumbani, akaiwasha, simu yake ikaona waifai yenye jina zuri, na hakuna kitu kinachofunguka. Kifaa ni kizima. Kimepelekwa tu kwenye nyumba isiyo yake.

Kwa hiyo swali la kwanza hulijibu kabla ya kutoka nyumbani: je, faiba imefika katika jengo letu? Mijini Meru na Embu zipo kampuni zinazoipitisha faiba mitaani, lakini mtaa mmoja huipata na wa pili ukaikosa, hata jengo moja likaipata na la jirani likaikosa. Waulize majirani na mwenye nyumba. Kisha jambo moja muhimu: kampuni nyingi za faiba huja na kifaa chao wanapokuunganisha, na mara nyingi kifaa hicho kina waifai ndani yake tayari. Ukienda kununua rauta kabla ya fundi wao kufika, huenda umenunua cha pili bila haja. Subiri waunganishe, tumia kwa majuma mawili, kisha uamue kama kilichopo kinatosha.

Kuta na mabonde

Nyumba zetu za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zina kuta nene za mawe ya matumbawe. Ni kuta za baridi na heshima, lakini mawimbi ya waifai huchoka ndani yake. Meru na Embu hali ni ya namna nyingine. Kuna nyumba za mbao zenye paa la mabati, kuna nyumba za mawe ya kuchonga, na kuna majengo ya ghorofa yenye vyumba vya kupangisha vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Kila moja hulitendea wimbi tofauti. Mbao hulipitisha kwa urahisi. Jiwe na zege hulipunguza. Bati, kioo cha kujitazamia, jokofu na tangi la maji hulizuia sana.

Waifai husafiri kwa masafa mawili yanayotumika zaidi. La gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni la polepole na lina msongamano, kwa kuwa vifaa vingi hulitumia, hata jiko la maikrowevu. La gigahezi 5 ni la kasi na lina nafasi kubwa, lakini ukuta mmoja au miwili ya jiwe hulidhoofisha. Katika masafa ya 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana, yaani njia ya 1, ya 6 na ya 11. Fikiria basi jengo la kupangisha katika mtaa kama Dallas mjini Embu au Makutano mjini Meru, lenye rauta kumi na tano zinazogombania njia tatu kila jioni. Mpangaji wa jengo kama hilo hulalamika kwamba intaneti yake hufa baada ya magharibi, naye hukimbilia kuongeza ada. Dawa yake huenda ni rauta ya masafa mawili, au kubadilisha njia tu.

Kabla ya kutumia hata shilingi, jaribuni dawa isiyo na bei: mahali pa kuiweka rauta. Wengi huificha nyuma ya runinga, ndani ya kabati, au sakafuni pembeni mwa sebule. Itoe. Iweke juu, kifuani mwa mtu aliyesimama au zaidi, karibu na katikati ya nyumba, mbali na jokofu na bati. Antena zisimame wima. Kisha tembea na simu chumba kwa chumba ukiitazama video ileile. Familia nyingi zitagundua kwamba chumba kilichokuwa na kiza kimepata nuru.

Kwa wenye kutegemea 4G, ardhi yenyewe ina neno. Miteremko ya Mlima Kenya imechongwa na mito kama Rupingazi upande wa Embu na Kathita upande wa Meru, na nyumba iliyo bondeni yaweza kukosa mawimbi ambayo nyumba ya juu ya kilima, umbali wa kutupa jiwe, inayapata tele. Usinunue kifaa kwa sifa za mwenzako wa mtaa wa pili. Chukua laini za kampuni mbili tofauti, zitie katika simu, ukae nazo ndani ya nyumba yako, dirishani na sebuleni, asubuhi na saa mbili za usiku. Laini itakayosimama imara saa mbili za usiku ndiyo utakayoinunulia rauta.

Namba zilizo kwenye boksi

Boksi la rauta limejaa namba kubwa. Utaona 300, 750, 1200, 1500. Hizo ni megabiti kwa sekunde, nazo ni kasi ya juu kabisa ya kifaa katika mazingira ya maabara, tena ikiwa ni ya masafa mawili basi namba mbili zimejumlishwa. Hazikwambii kasi utakayoiona nyumbani. Ikiwa umelipia megabiti 10 kutoka kwa kampuni, rauta ya 1200 haitakuletea megabiti 11. Bomba pana halijazi ndoo haraka ikiwa tangi lina tundu dogo.

Tujiulize basi nyumba huhitaji kiasi gani. Video ya picha safi, ile iitwayo 1080, huhitaji kiasi cha megabiti 5 kwa sekunde. Ya kiwango cha 480, ambayo kwa skrini ya simu humtosha mtoto anayefuata somo, huhitaji kiasi cha megabiti 1. Mwito wa video na jamaa aliye Muscat au Jeddah huhitaji megabiti 1 hadi 2. Kwa hiyo laini ya megabiti 10 iliyo nzima yaweza kubeba runinga moja, mwito mmoja wa video na mama anayetuma picha za mabuibui kwa wateja wake, vyote kwa wakati mmoja. Na kwa mwenye bando la kupimwa: saa moja ya video kwa megabiti 5 hula gigabaiti 2 na robo, na saa hiyohiyo kwa megabiti 1 haifiki hata nusu gigabaiti. Kushusha ubora wa picha katika simu za watoto ni akiba kubwa kuliko punguzo lolote la dukani.

Sasa tutaje vifaa kwa majina ili msomaji apate kipimo. TL-WR841N ya kampuni ya TP-Link ni mfano wa rauta za ngazi ya chini: ina masafa ya 2.4 peke yake, kasi ya boksi ni 300, na matundu yake ya waya hayapitishi zaidi ya megabiti 100. Kwa nyumba ndogo yenye faiba ya megabiti 10 au 20, isiyo na majirani wengi, hiyo inatosha bila aibu. Archer C6 ya kampuni hiyohiyo ina masafa mawili, kasi ya boksi 1200, na matundu yanayofika megabiti 1,000. Hiyo ni ya nyumba yenye watu wengi, au iliyo katikati ya msongamano wa jengo la ghorofa. Kampuni kama Tenda na Huawei zina vifaa vya ngazi hizohizo. Linganisha sifa, usilinganishe rangi ya boksi.

Boksi pia litakuambia kizazi cha waifai. Tangu mwaka 2018 vizazi hivyo vimepewa namba rahisi: Wi-Fi 4, Wi-Fi 5, Wi-Fi 6. Wi-Fi 4 ni ya mwaka 2009, bado inafanya kazi. Wi-Fi 5 ndiyo yenye uwiano mzuri wa bei na faida kwa familia nyingi leo. Wi-Fi 6 hufaa nyumba yenye vifaa vingi, lakini simu isiyo ya kizazi hicho haitapata faida yake kamili. Ikiwa simu zote za nyumbani ni za miaka sita iliyopita, hapana haja ya kulipia kizazi ambacho hakuna wa kukipokea.

Nyumba tatu

Tuchukue mifano mitatu. Wa kwanza ni mwanafunzi wa Embu anayeishi chumba kimoja cha kupanga pamoja na mwenzake. Hakuna ukuta wa kupenya, lakini majirani ni wengi. Ikiwa jengo lina faiba, kifaa cha kampuni kinatosha. Ikiwa haina, simu moja ya kugawa au rauta ndogo ya mfukoni yenye laini itawatosha wawili. Mzazi asinunue kubwa zaidi ya hapo.

Wa pili ni familia ya watu saba mjini Meru, nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, faiba imefika. Tuseme wanalipa shilingi 3,000 kwa mwezi, na chumba cha nyuma hakipati kitu. Fundi anawashauri wapande hadi kifurushi cha shilingi 4,000. Hiyo ni nyongeza ya shilingi 12,000 kwa mwaka, kila mwaka, na ukuta ungali palepale. Wakiihamisha rauta hadi ukumbini, au wakivuta waya hadi chumba cha nyuma na kuweka huko rauta ya pili ya bei ya chini, watalipa mara moja tu. Waya hauchoki kwa ukuta. Vile vifaa vidogo vya kuchomeka ukutani ili kurudia mawimbi ni rahisi kufunga, lakini vingi hupunguza kasi kwa kuwa hupokea na kutoa kwa njia moja; vinafaa pale tu waya usipowezekana.

Wa tatu ni nyumba iliyo shambani, upande wa vilima vya Nyambene au nyanda za Mbeere, ambako faiba haijafika. Hapo ni rauta ya laini, ikiwekwa dirishani upande unaoelekea mnara. Ikiwa mawimbi ni hafifu, chagua yenye antena za nje zinazofunguka ili siku moja uweze kuunganisha antena ya juu ya paa. Satelaiti ni njia ya mwisho: hufika popote penye uwazi wa mbingu na huja na rauta yake, lakini sahani yake hula umeme mara kadhaa kuliko rauta ya kawaida, na gharama yake huelemea mtu mmoja.

Vilivyotumika na vya zawadi

Jamaa zetu walio Oman, Saudia na Imarati hutuletea vifaa kwa mapenzi, na wengine hununua vya mtumba mitaani. Vipokee kwa shukrani, ila vipime kwanza. Rauta za laini zinazotolewa na kampuni za simu mara nyingi hufungwa zisipokee laini ya kampuni nyingine. Tia laini ya Kenya mbele ya muuzaji na uione ikifungua ukurasa kabla ya kutoa fedha.

Tazama pia masafa ya simu yaliyoandikwa chini ya kifaa au katika kijitabu chake. Nchini Kenya, 4G ya Safaricom hutumia megahezi 800 na 1800, ambazo huandikwa B20 na B3. Airtel nao hutumia 800. Faiba 4G ya Jamii Telecommunications hutumia megahezi 700, iandikwayo B28. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi hukosa B20, nacho kitakuwa pambo la meza. Kwa vifaa vipya, uliza kama vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na udai risiti yenye dhamana iliyoandikwa.

Umeme na radi

Rauta ya kawaida hutumia wati 8 hivi. Ikiwaka mchana na usiku kwa mwezi mzima, ni takriban yuniti 6 za umeme. Zidisha kwa bei unayolipia tokeni. Umeme ukikatika, betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa rauta yaweza kuiendesha kwa saa kadhaa. Lakini soma kwanza volti zilizoandikwa kwenye chaja ya rauta. Rauta nyingi ni za volti 12, ilhali nyingine, kama TL-WR841N tuliyoitaja, ni za volti 9. Kuipa ya 9 umeme wa 12 ni kuiunguza.

Katika mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Disemba, ngurumo zikianza, chomoa chaja ukutani. Uzi wa kioo wa faiba haupitishi umeme, lakini waya wa umeme huupitisha.

Funguo za nyumba

Waifai ni mlango. Siku ya kwanza, badilisha nywila mbili: ya kuunganisha simu, na ile ya kuingia ndani ya mipangilio ya rauta, ambayo mara nyingi huja ikiwa ni neno lijulikanalo na kila fundi. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ukiona WEP, hiyo imekwisha kuvunjwa zamani. Zima WPS. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mitandao inamwajibisha anayeingia katika mfumo wa mwenziwe bila ruhusa, lakini kufuli nzuri hutangulia sheria.

Rauta nyingi hukuruhusu kufungua mtandao wa wageni wenye nywila yake. Mgeni apewe huo, asipewe funguo za ndani. Nyingi pia hukuruhusu kuzima intaneti ya simu za watoto kwa saa maalumu, kwa mfano saa tatu za usiku hadi alfajiri.

Lipo pia jambo lisilo na malipo ambalo wazazi wengi hawajaambiwa. Katika mipangilio ya rauta kuna sehemu iitwayo DNS. Ukiandika humo 1.1.1.3 na 1.0.0.3, huduma ya familia ya kampuni ya Cloudflare, iliyoanza mwaka 2020, itazuia tovuti nyingi za uchafu na za ulaghai kwa vifaa vyote vinavyotumia waifai hiyo. Haizuii kila kitu, na kijana mwenye bando lake aweza kuikwepa. Malezi hubaki kwa wazazi. Kifaa huwapunguzia tu mzigo.

Kuhusu kumgawia jirani ili mchangie ada: kumsaidia jirani ni jambo jema, lakini soma mkataba wa kampuni kwanza. Mingi hukataza kuiuza huduma kwa wengine, na mkataba uliotia saini ni ahadi.

Maswali ya kwenda nayo

Andikeni maswali haya kwenye karatasi na muende nayo dukani. Intaneti yetu inaingia kwa faiba au kwa laini? Kifaa hiki kina tundu la waya, au kina mahali pa laini, au vyote viwili? Kina masafa ya 2.4 peke yake au pamoja na 5? Kimefungwa kwa kampuni moja? Kina B3, B20 au B28? Chaja yake ni ya volti ngapi? Dhamana ni ya muda gani, na nikikirudisha namrudishia nani? Kuuliza si ujinga, na muuzaji mwaminifu hachoki na mteja anayejua anachokitaka.

Neno letu la mwisho ni kwa kina mama. Mara nyingi rauta huchaguliwa na kijana wa nyumba au na fundi, na nywila ya mipangilio huondoka naye, ilhali mama ndiye anayeshinda nyumbani, ndiye anayelipa, na ndiye anayeulizwa watoto wanatazama nini. Fundi akimaliza kazi, asiondoke kabla hajakuonyesha namna ya kuingia, nawe ukaingia mwenyewe mbele yake kwa mkono wako. Kisha uandike nywila katika lile daftari la hesabu, ukurasa wa mwisho, na ulihifadhi pamoja na hati za nyumba.

Wabillahi tawfiq.